Kuondoa ufunguo wa kigeni kwenye jedwali bila kupoteza kilo za mkulima

Ukipata ujumbe wa namna hii, usome mpaka mwisho kabla hujagusa chochote:

```
ERROR 1452 (23000): Cannot add or update a child row: a foreign key
constraint fails (`ushirika`.`mapokezi`, CONSTRAINT `mapokezi_ibfk_1`
FOREIGN KEY (`mkulima_id`) REFERENCES `wakulima_zamani` (`id`))
```

Wengi huishia kwenye namba 1452, kisha wanauliza ufunguo wa kigeni (foreign key) unafutwaje. Jibu ni mstari mmoja, na nauweka hapa mapema ili mwenye haraka aende zake:

```sql
ALTER TABLE mapokezi DROP FOREIGN KEY mapokezi_ibfk_1;
```

Hiyo ni MySQL. Aliyebaki tuendelee, maana kazi haiko kwenye mstari huo. Iko kwenye kujua unafuta nini, nani anakitegemea, na kitu gani kitalinda data ukishaondoka.

Mimi hutunza hifadhidata za vyama vya ushirika vya maziwa upande huu wa Nakuru: Njoro, Molo, Elburgon, kupanda hadi Olenguruone. Majedwali yao hayana maajabu. Kuna `wakulima`, `vituo` vya kukusanyia, `mapokezi` ambamo kila mkebe unaopimwa huingia na kilo zake, `malipo` ya kila mwezi, na `madeni` ya chakula cha ng'ombe na dawa ambavyo mkulima amechukua dukani kwa mkopo. `mapokezi`, `malipo` na `madeni` yote yana safu ya `mkulima_id`, na ufunguo wa kigeni ndio unaoiambia hifadhidata kwamba namba yoyote itakayoandikwa hapo lazima iwepo kwenye `wakulima`. Bila ufunguo huo, karani akikosea namba moja saa kumi na moja alfajiri huku mikono imeganda kwa baridi ya Molo, maziwa ya mtu yataingia kwa mkulima asiyekuwepo, na hakuna atakayejua mpaka siku ya malipo.

Ujumbe ule wa juu unatokana na kisa halisi. Karani alinipigia: "Dada, mtambo unamkataa mzee hapa, na tumemsajili jana." Na kweli mzee yumo kwenye `wakulima`, unamwona kwa macho. Lakini rudia kusoma mwisho wa ujumbe: `REFERENCES wakulima_zamani`. Fundi aliyenitangulia pale alitengeneza jedwali jipya la wakulima, akalipa la kale jina la `wakulima_zamani`, kisha akalipa jipya jina la `wakulima`. Alidhani funguo za kigeni hufuata jina. Hazifuati jina, hufuata jedwali lenyewe. Ukilibadilisha jina jedwali mzazi, yaani lile ambalo ufunguo unalielekea, MySQL husahihisha kimyakimya funguo zote zinazolielekea ili ziendelee kulielekea lilelile. PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, nayo hufanya hivyo. Basi `mapokezi` yakawa yanawakagua wakulima kwa daftari lililofungwa, kama bawabu anayepokea wageni kwa orodha ya harusi ya mwaka jana.

Hapo kuna sababu halali ya kuufuta ufunguo: unaelekea pasipofaa.

Kabla ya kufuta, uliza kama unapaswa kufuta

Maombi mengi ninayoyapata hayana sababu halali. La kawaida kabisa ni hili: mkulima ameacha kuleta maziwa, ofisi inataka aondoke kwenye orodha, `DELETE` inagoma na namba 1451, basi "tuondolee hicho kizuio". Hapana. Kizuio kinakwambia kwamba mtu huyo ana historia ya kilo na pesa. Ongeza safu ya `alitoka_tarehe`, orodha ya ofisini ionyeshe wale tu ambao safu hiyo ni tupu, na kazi imekwisha. Siku akirudi na ng'ombe mpya, namba yake ipo.

La pili ni la wanaoingiza data kwa wingi kutoka faili za zamani na mpangilio wa faili unawasumbua. Hao hawahitaji kufuta, wanahitaji kuzima kwa muda ndani ya kikao chao:

```sql
SET FOREIGN_KEY_CHECKS = 0;
-- ingiza data
SET FOREIGN_KEY_CHECKS = 1;
```

Lakini jua kwamba kurudisha 1 hakumfanyi MySQL arudi nyuma kukagua ulichoingiza. Takataka iliyoingia wakati wa 0 hubaki humo, na ufunguo utaonekana mzima kwa nje.

Sababu ninazozikubali ni chache. Ufunguo unaelekea jedwali lisilo lake, kama hapo juu. Kanuni ya kufuta si sahihi, kwa mfano mtu aliweka `ON DELETE CASCADE` (mzazi akifutwa, rekodi za mwana zifutwe naye) pale palipohitaji `RESTRICT` (mzazi mwenye wana asifutike). MySQL na PostgreSQL hazina amri ya kubadilisha kanuni hiyo ndani ya ufunguo uliopo, kwa hiyo unaufuta na kuuweka upya. Majedwali yanahamia seva mbili tofauti. Au jedwali linagawanywa vipande vya mwaka kwa mwaka: InnoDB, injini ambayo MySQL huhifadhia majedwali, haikubali funguo za kigeni kwenye jedwali lililogawanywa hivyo, liwe mzazi au mwana. Ingawa kwa hili la mwisho huwa nabisha kwanza. Ushirika wa wakulima 2,000 wanaoleta maziwa mara mbili kwa siku huandika rekodi 1,460,000 kwa mwaka. Zikiwa na faharasa (index) nzuri, MySQL haizioni kuwa nyingi.

Tafuta majina, yote

Usiamini kwamba `mapokezi_ibfk_1` ya kwenye kompyuta yako ndiyo `mapokezi_ibfk_1` ya kwenye seva ya kazi. Aliyeunda ufunguo asipoupa jina, MySQL huupa lake, na namba ya mwishoni hutegemea ni upi ulitangulia kuundwa. Nimewahi kuona `_1` ya majaribio ikiwa ya mkulima na `_1` ya kazini ikiwa ya kituo. Uliza seva ile ile utakayoigusa:

```sql
SELECT table_name, constraint_name, column_name
FROM information_schema.key_column_usage
WHERE table_schema = 'ushirika'
  AND referenced_table_name = 'wakulima_zamani';
```

Hii ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu inakuonyesha kila jedwali linaloelekea pale, si lile moja tu lililolalamika. Katika kisa chetu ilirudisha matatu: `mapokezi`, `malipo` na `madeni`. Karani alikuwa ameliona la kwanza tu, kwa kuwa ndilo analoligusa kila asubuhi.

Kisha tazama kanuni zake:

```sql
SELECT constraint_name, table_name, delete_rule, update_rule
FROM information_schema.referential_constraints
WHERE constraint_schema = 'ushirika'
  AND referenced_table_name = 'wakulima_zamani';
```

Ukikuta `CASCADE` kwenye `delete_rule`, mwambie kila mtu mwenye nywila asiguse `wakulima_zamani` hata kwa nia ya kusafisha. Jedwali linaonekana limeachwa, lakini ukifuta mkulima mmoja mle, mapokezi yake yote yanakwenda naye. Na katika MySQL 8.0 ufutaji huo wa mnyororo hauamshi trigga (amri inayojiendesha yenyewe rekodi inapobadilika), kwa hiyo hata kama umejiwekea jedwali la kumbukumbu linaloandikwa na trigga kila rekodi inapofutwa, halitakuwa na habari.

Mwisho wa maandalizi, chukua `SHOW CREATE TABLE mapokezi\G`, uhifadhi majibu yake kwenye faili, na ufanye vivyo hivyo kwa mengine mawili. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi. Nakala kamili ya `mysqldump` nayo iwepo, lakini anayetaka kurudisha ufunguo mmoja hahitaji kufungua nakala ya hifadhidata nzima.

Weka mpya kwanza, ndipo ufute wa zamani

Mafundisho mengi hukwambia ufute, kisha uweke upya. Mimi hufanya kinyume. Safu moja inaweza kuwa na funguo mbili za kigeni kwa wakati mmoja, zikielekea majedwali mawili. Kwa hiyo:

```sql
ALTER TABLE mapokezi
  ADD CONSTRAINT fk_mapokezi_mkulima
  FOREIGN KEY (mkulima_id) REFERENCES wakulima (id)
  ON DELETE RESTRICT;

ALTER TABLE mapokezi DROP FOREIGN KEY mapokezi_ibfk_1;
```

Faida yake ni kwamba hakuna dakika ambayo mlango uko wazi. Na kama amri ya kwanza ikigoma, bado hujapoteza chochote. Ikigoma kwa 1452, ina maana kuna mapokezi ya mkulima ambaye hayumo kwenye jedwali jipya. Watafute:

```sql
SELECT p.mkulima_id, COUNT(*) AS rekodi, SUM(p.kilo) AS kilo
FROM mapokezi p
LEFT JOIN wakulima w ON w.id = p.mkulima_id
WHERE p.mkulima_id IS NOT NULL AND w.id IS NULL
GROUP BY p.mkulima_id;
```

Naweka `SUM(p.kilo)` makusudi. Ukimpelekea meneja orodha ya namba yatima, ataiweka chini ya faili nyingine. Ukimpelekea kilo zisizo na mwenyewe, ataita kikao. Rekodi hizo usizifute wewe. Mwenye daftari la kituo ndiye anayejua ni za nani. Na amri ya kuweka ufunguo uiendeshe `FOREIGN_KEY_CHECKS` ikiwa 1, la sivyo MySQL itauweka bila kukagua rekodi zilizopo.

Ikigoma kwa 3780, tatizo ni aina ya safu. Hili ni la kawaida jedwali jipya likiwa limeundwa na Laravel, mfumo wa kuandikia programu za PHP, ambao huweka `id` kuwa `BIGINT UNSIGNED`, ilhali `mkulima_id` ya zamani ni `INT`. Hapa mpango wangu wa kuweka kwanza unakwama, maana ukijaribu kuibadilisha aina ya `mkulima_id` wakati ufunguo wa zamani ungalipo, MySQL itakukatalia. Hapa tu ndipo ninapofuta kwanza: futa ufunguo, badilisha safu, weka ufunguo mpya, yote kwa mfululizo, na programu ya kupokelea ikiwa imesimamishwa. Makarani wana daftari la kaunta. Kwa muda huo waandike kwa kalamu, kama wanavyofanya stima ikipotea.

Nikitaja stima: tangu MySQL 8.0, amri ya aina hii au imekamilika au haikufanyika, hata seva ikizimika katikati. Isichokuwa nacho ni kurudi nyuma. `ALTER TABLE` hufunga muamala (transaction) uliopo yenyewe, na `ROLLBACK` baada yake haina la kurudisha.

Saa ya kufanya

Kufuta ufunguo kwenyewe ni kazi ya mara moja hata jedwali liwe kubwa namna gani, kwa sababu kinachobadilika ni maelezo ya jedwali tu. Kinachochelewesha ni kufuli. `ALTER TABLE` husubiri kila muamala ulioligusa jedwali uishe, na ikiwa inasubiri, kila anayekuja nyuma yake anapanga foleni. Mhasibu aliyeacha ripoti wazi akaenda kunywa chai anatosha kusimamisha vituo vyote. Na MySQL ina subira ya ajabu: `lock_wait_timeout` kwa kawaida ni sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. Punguza kabla ya kuanza:

```sql
SET SESSION lock_wait_timeout = 5;
```

Ikishindwa ndani ya sekunde tano, tafuta aliyeshikilia kwa `SHOW PROCESSLIST`, kisha ujaribu tena. Kuweka ufunguo mpya ndiko kunakochukua muda, kwa kuwa ukaguzi ukiwa umewashwa MySQL hunakili jedwali zima na kuzuia maandishi wakati huo. Mimi huchagua baada ya maziwa ya asubuhi kupimwa na magari kuondoka, kuanzia saa tano hivi, na kamwe si mwisho wa mwezi wakati malipo yanapigwa hesabu. Usiku kunaonekana kuzuri mpaka uhitaji kumpigia mtu simu.

Faharasa iache. MySQL hutaka faharasa kwenye safu ya ufunguo wa kigeni, na huiunda yenyewe kama haipo. Ukifuta ufunguo, faharasa hubaki. Watu huiona kama uchafu wakaifuta, halafu taarifa ya mkulima iliyokuwa ikifunguka papo hapo inaanza kusoma jedwali zima. Kama kweli unaondoa safu yenyewe, utaratibu ni ufunguo, faharasa, kisha safu. Ukigeuza utakutana na 1553 au 1828.

Kwa PostgreSQL na jamaa zake

PostgreSQL ina raha moja kubwa: amri hizi hukaa ndani ya muamala. Kufuta na kuweka upya unaweza kuviweka pamoja, na ukiona kosa unarudi nyuma.

```sql
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '3s';
ALTER TABLE mapokezi
  DROP CONSTRAINT mapokezi_mkulima_id_fkey,
  ADD CONSTRAINT fk_mapokezi_mkulima
    FOREIGN KEY (mkulima_id) REFERENCES wakulima (id) NOT VALID;
COMMIT;

ALTER TABLE mapokezi VALIDATE CONSTRAINT fk_mapokezi_mkulima;
```

`NOT VALID` inalinda rekodi mpya papo hapo bila kukagua za zamani. `VALIDATE` inakuja kukagua baadaye bila kuwazuia makarani kuandika. Jina la ufunguo utaliona kwa `\d mapokezi`, na `\d wakulima_zamani` itakuonyesha chini kabisa wote wanaoielekea. Kumbuka kufuli la kufuta hushika majedwali yote mawili, mwana na mzazi. Na huku faharasa haiundwi yenyewe kwenye safu ya mwana, kwa hiyo kama hukuiweka, haipo.

SQL Server hutumia `DROP CONSTRAINT` vilevile, majina yako kwenye `sys.foreign_keys`, na ana njia ya kuzima bila kufuta, `NOCHECK CONSTRAINT`. Ukiuwasha tena andika `WITH CHECK CHECK CONSTRAINT`, neno hilo mara mbili. Bila la kwanza, seva itauhesabu ufunguo kuwa hauaminiki. Oracle: tafuta kwenye `user_constraints` penye `constraint_type = 'R'`, na uwezo wa `DISABLE` upo.

SQLite, ambayo imo ndani ya simu za Android wanazopimia maziwa, haina amri ya kufuta ufunguo wa kigeni hata kidogo. Unazima kwa `PRAGMA foreign_keys = OFF` kabla ya kufungua muamala, unaunda jedwali jipya lisilo na ufunguo, unahamisha rekodi kwa `INSERT INTO ... SELECT`, unafuta la zamani, na unalipa jipya jina lile. Usianze kwa kulibadilisha jina la zamani, maana ndiko tulikotokea. Maliza kwa `PRAGMA foreign_key_check`.

Wanaotumia Laravel wasiandike jina kwa kubahatisha: `dropForeign(['mkulima_id'])`, yenye mabano ya mraba, hulitengeneza jina kwa kanuni ya Laravel, `mapokezi_mkulima_id_foreign`. Hufanya kazi tu kama Laravel ndiyo iliyouunda. Kama uliundwa kwa mkono, mpe jina lenyewe bila mabano hayo.

Ikiwa umefuta na hutaweka mwingine, kwa sababu ya kugawanya jedwali au kuhamisha seva, basi ile `SELECT` ya kutafuta mapokezi yatima iwe kazi ya kila usiku na majibu yake yamfikie mtu kwa jina lake. Kwenye seva mbili utalazimika kuvuta orodha ya namba za wakulima upande wa pili kwanza.

Na kuhusu `wakulima_zamani`: ukishafuta funguo zote tatu, kaa nayo mpaka malipo ya mwezi mmoja yapite salama. Kisha `DROP TABLE wakulima_zamani`, ukiwa hujazima ukaguzi wowote. Ikikataa kwa 3730, kuna jedwali la nne ambalo hukuliona. Jina lake limo kwenye ujumbe.